Kumaliza kwanza si kushinda

Wengi hudhani mashindano ya kulenga shabaha kwa vitendo, yaani kupiga shabaha kwa bunduki huku ukihama na ukipimwa muda, ni ya mwenye kidole chepesi: anayemaliza kwanza ndiye bingwa. Sivyo. Kwa kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu lililoanzishwa mwaka 1976, alama zako hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Tuseme ni risasi 12, zote zimepiga katikati ya shabaha kwa alama 5: jumla 60. Ukitumia sekunde 6, unapata 10. Mwenzako katumia sekunde 5, ila risasi moja imekosa. Ana 55, anakatwa 10 za adhabu, zinabaki 45. Gawanya kwa 5, ni 9. Umemshinda. Na akikimbia huku kidole kiko kwenye kifyatulio, anatolewa mashindanoni papo hapo, hata kama hajafyatua. Ukali huo naupenda sana.