Je, wajua ujumbe wa jeshi hufikaje pasipo mtandao?

Zamani ningekujibu bila kusita: antena ndefu na redio yenye nguvu. Hapa Lamu simu ikigoma tunapanda darini kutafuta netiwaki, basi nikadhani na jeshi hufanya hivyo, ila kwa dari refu zaidi. Kumbe sivyo. Nguvu husaidia kiasi, lakini kilima hakisogei, na redio inayopaza sauti humwonyesha adui ilipo.

Isitoshe, intaneti yenyewe ina wasiwasi wake. Itifaki ya TCP, yaani kanuni za kusafirisha data zinazobeba sehemu kubwa ya mawasiliano yetu, ikipoteza vipande vya ujumbe hudhani njia ina msongamano, ikapunguza mwendo. Ilifunzwa adabu hiyo baada ya Oktoba 1986, pale kasi kati ya majengo mawili ya California yasiyotengana hata mita 400 iliposhuka kutoka biti 32,000 hadi 40 kwa sekunde. Kwenye waya ni busara. Hewani, kipande kimemezwa na mti tu, nayo TCP inapisha foleni isiyokuwepo!

Dawa mojawapo ni programu ya kati, inayokaa baina ya programu za askari na redio zao. Mamangu mdogo akimpelekea dadake halua Siyu, humkabidhi nahodha gatini akarudi kupika. Nahodha hungoja maji yajae ndipo apite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari. Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate, mzigo huchukuliwa na bodaboda, asipokuwepo, hungoja. Hakuna dakika hata moja ambayo njia nzima ilikuwa wazi, na halua imefika. Programu hiyo nayo hufunga ujumbe furushi, kila kituo kikalihifadhi mpaka kinachofuata kipatikane. Cha kushangaza, kanuni za 2007 za mtindo huu wa furushi zilieleza namna kituo kinavyopokea dhamana ya furushi. Toleo la 2022 likayaacha makabidhiano hayo nje ya kanuni za msingi.

Kwa mazungumzo ya sauti haifai, nayo hifadhi hujaa. Tena mengi yanayosomeka hadharani ni ya maabara na mazoezi, kwa hiyo siapi kwamba vitani mambo huwa laini hivyo.

Halafu kuna kuchacha. “Adui yuko kilimani” ukifika kesho yake ni samaki wa jana. Ndiyo maana kila furushi huandikwa muda wake wa kuishi. Ukiisha, hutupwa njiani. Halua huvumilia zaidi.