Dawa Ileile, Miili Tofauti: Kwa Nini Sumu Humzidi Mmoja

Pale Mwaloni Kirumba, mbeba mizigo akiumwa mgongo mwenzake humpa vidonge: "Meza viwili, mimi vilinisaidia." Mimi ni mfamasia wa hospitali hapa Mwanza, na kauli hiyo hunitia hofu. Vidonge vilivyompa nafuu mmoja vinaweza kumlaza mwingine wodini.

Dawa nyingi huchakatwa na vimeng'enya vya ini, na kila mtu amerithi vyake kwa wazazi. Kimoja, CYP2D6, hugeuza kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi, kuwa mofini, dawa kali ya maumivu ambayo ikizidi hudhoofisha upumuaji. Wapo waliozaliwa na nakala za ziada za jeni yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliwakuta karibu 29 katika kila Waethiopia 100. Watu hao, kwa dozi ya kawaida tu, hupata mofini nyingi kwa muda mfupi. Wako watoto waliofariki baada ya kupewa kodeini walipotolewa mafindofindo, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza walio chini ya miaka 12 wasipewe. Tramado, dawa nyingine ya maumivu wanayomeza baadhi ya vijana ili wahimili kazi nzito, huchakatwa na kimeng'enya hichohicho. Hili linanisikitisha sana.

Aisoniazidi ya kifua kikuu ni kinyume chake. Ambaye kimeng'enya chake cha NAT2 hufanya kazi polepole hukaa nayo mwilini muda mrefu zaidi, hivyo ganzi na miguu kuwaka moto humwandama hata akifuata dozi. Ndiyo maana kliniki humpa na vitamini B6. Mtoto akilikuta kopo la baba akameza vingi, degedege linaweza kukaidi dawa zake za kawaida. Hapo tiba ni B6 hiyohiyo, kwa dozi kubwa, hospitalini.

Daktari wa zamu hawezi kusubiri kipimo cha jeni. Mletee pakiti ya dawa, mwambie ilimezwa saa ngapi, na jambo ambalo ndugu husahau: je, mgonjwa au mtu wa tumbo moja naye aliwahi kuzidiwa na dozi ndogo?

Ukimkuta mtu haamki, anapumua kwa mbali, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano, huenda dawa ya jamii ya mofini imemzidi: mlaze ubavu na mumwahishe. Msimnyweshe maziwa wala kumtapisha, yatampalia. Walioko Ukerewe waanzie kituo cha afya cha jirani, wasingoje kivuko cha asubuhi.