Databesi imekuwa nzito? Usikimbilie kununua prosesa

Databesi ikianza kuelemewa utasikia ushauri ule ule kila mahali na mwingi unamaliza hela za watu bure, kwa hiyo ngoja tuuweke sawa. Natumia PostgreSQL na MySQL, programu mbili za kuendesha databesi, kama mifano maana ndo wengi tunaziendesha.

Dhana: seva ikiwa nzito, nunua prosesa yenye kori nyingi (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba).

Ukweli: kori nyingi zinasaidia pale watu wengi wanapouliza kwa pamoja. Kwiri moja nzito (yaani ombi moja la data) ni habari nyingine kabisa. Kwenye MySQL kwa kawaida inakaa kwenye kori moja tu, na PostgreSQL ilianza kugawa kwiri moja kwa kori kadhaa toleo la 9.6 mwaka 2016, na hata hapo si kila kwiri inagawika. Kwa hiyo ile ripoti ya mwisho wa mwezi inaweza kuchukua muda ule ule kwenye kori 32 kama ilivyokuwa kwenye 8. Kabla hujatoa hela endesha vmstat (komandi ya Linux ya kuangalia hali ya seva) saa za msongamano uangalie safu inayoitwa "wa" (muda wa kusubiri diski), ikiwa juu ujue prosesa haina kosa, imekaa inasubiri diski. Alafu chukua ile kwiri uipitishe kwenye EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha databesi inaitekelezaje, mara nyingi utakuta jedwali zima linasomwa kisa indeksi moja (orodha ya kutafutia data haraka) haipo.

Dhana: ukiongeza RAM databesi itaitumia yenyewe.

Hii ndo inaniuma zaidi maana watu wananunua RAM ya bei alafu inakaa tu. Mpangilio unaosema databesi ishike RAM kiasi gani kwa data yake, shared_buffers kwenye PostgreSQL, unakuja na MB 128, na innodb_buffer_pool_size ya MySQL nayo MB 128, kwa hiyo ukitoka GB 16 ukaenda GB 128 bila kugusa hiyo mipangilio, MySQL itaendelea na MB 128 zake (PostgreSQL ina nafuu kidogo, inategemea pia kashe ya Linux, yaani RAM ambayo Linux inahifadhia mafaili yaliyosomwa). Ushauri wa wenyewe ni PostgreSQL uanzie robo ya RAM, MySQL unaweza kufika 80% kama seva ni ya databesi peke yake. Na work_mem, mpangilio mwingine wa memori wa PostgreSQL, msiipandishe ovyo jamani, hiyo ni kwa kila kazi ya kupanga data ndani ya kila kwiri, sio ya seva nzima: ukiweka MB 256 na koneksheni 100 zote zikaitumia mara moja moja tu, tayari ni GB 25, na memori ikiisha Linux inaanza kuua prosesi (programu zinazoendelea kufanya kazi).

Pia huhitaji RAM ya kumeza databesi yote. Pima data inayoguswa kila siku pamoja na indeksi zake, mauzo ya miaka sita iliyopita yakae tu kwenye diski.

Dhana: SSD ni SSD, chukua yoyote.

Hapana. Kila komiti (pale databesi inapokamilisha kuhifadhi mabadiliko) inasubiri diski ithibitishe kwamba imeandika kweli, na SSD za seva zina kapasita za kumalizia kuandika umeme ukikatika, nyingi za laptop hazina. Kwa umeme wetu huu mimi hapo sibani hela.

Dhana: tuna RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi pamoja) na replika (seva ya pili inayonakili ya kwanza), bakapu ya nini?

DROP TABLE, amri ya kufuta jedwali, inafika kwenye diski zote na kwenye replika pia. GitLab, kampuni ya huduma ya kuhifadhi kodi za programu, tarehe 31 Januari 2017 walifuta kwa bahati mbaya data ya seva yao kuu, wakakuta bakapu za pg_dump (zana ya bakapu ya PostgreSQL) zilikuwa zinafeli kimya kimya kwa sababu zilitumia toleo la 9.2 wakati databesi ni 9.6, kilichowaokoa ni nakala ya saa kama sita nyuma. Kwa hiyo kabla hujahamia seva mpya, irudishe bakapu mahali pengine na uhakikishe inafunguka.

Dhana: data ni GB 400, diski ya GB 500 inatosha.

Haitoshi, VACUUM FULL (amri ya PostgreSQL ya kusafisha jedwali) inaandika nakala mpya ya jedwali ndo ifute ya zamani, na pg_wal (folda ya kumbukumbu za mabadiliko) ikijaza diski PostgreSQL inazima. Rekodi ukubwa wa databesi kila wiki kwa pg_database_size, kazi ya PostgreSQL inayokuambia ukubwa huo: ikiongezeka GB 10 kwa mwezi, miaka mitatu ni GB 360 juu ya ulizonazo, hapo nunua TB 2.