Nyuzinyuzi Katika Chakula: Soma Kiasi, Usitazame Rangi

Malalamiko yanayowafikia wataalamu wa lishe kuhusu nyuzinyuzi, yaani sehemu ya vyakula vya mimea ambayo utumbo mdogo hauimeng'enyi, ni ya namna mbili: mkate wa kahawia ulionunuliwa kwa ajili ya afya haukuleta nafuu, au mtu amebadili mlo wake wote kwa siku moja na kuishia kujaa gesi. Yote mawili yanazuilika.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unapendekeza kila mwenye umri wa miaka 10 na kuendelea apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi asilia kwa siku. Watoto wa miaka 6 hadi 9 gramu 21, na wa miaka 2 hadi 5 gramu 15. Chanzo chake ni nafaka isiyokobolewa, jamii ya kunde, mboga na matunda.

Dhana kwamba nyuzinyuzi ni tiba ya choo kigumu tu imesahihishwa mara nyingi, na bado inarudiwa. Zile zinazoyeyuka, kama za shayiri na maharagwe, hufanya ute mzito unaopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu na kunasa asidi za nyongo zinazosaidia kumeng'enya mafuta, hivyo ini huchukua lehemu (kolesteroli) kutoka kwenye damu ili kutengeneza asidi nyingine za nyongo. Sehemu ya nyuzinyuzi huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, na asidi zinazotokana na uchachushaji huo hulisha seli za ukuta wa utumbo.

Kuhusu lebo, miongozo ya Codex Alimentarius, yaani mkusanyiko wa viwango vya kimataifa vya chakula, ambayo nchi nyingi huizingatia katika kutunga kanuni zao, inataka chakula kigumu kinachodai kuwa chanzo cha nyuzinyuzi kiwe na angalau gramu 3 kwa kila gramu 100, na kinachodai kuwa na nyuzinyuzi nyingi kiwe na angalau gramu 6. Vipo pia viwango vinavyokokotolewa kwa kalori. Mnunuzi asome safu ya gramu 100, kwa kuwa kipimo cha mlo mmoja hutofautiana kati ya bidhaa na bidhaa, kisha asome viambato, ambavyo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito. Rangi ya kahawia haithibitishi chochote, kwani inaweza kutokana na karameli, yaani rangi ya sukari iliyounguzwa. Anayetilia shaka dai fulani ahifadhi kifungashio chenye namba ya toleo pamoja na risiti, ndipo awasilishe malalamiko kwa mamlaka husika, ambayo, kwa kadiri sheria ya nchi inavyoruhusu, inaweza kuagiza lebo irekebishwe, bidhaa iondolewe sokoni au mhusika atozwe faini.

Ongezeko lifanyike polepole, kwa muda wa wiki kadhaa, likiambatana na maji ya kutosha. Mwenye utumbo ambao njia yake imebana au aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo hivi karibuni amwone daktari kwanza, na anayetumia nyuzinyuzi za nyongeza zinazouzwa kama unga amuulize mfamasia aziachanishe kwa saa ngapi na dawa zake, kwa sababu zinaweza kupunguza ufyonzwaji wa baadhi ya dawa.