Kumuuliza ndama kama anaumia

Mfugaji akitaka kujua kama ndama wake bado anaumia baada ya kuunguzwa vichipukizi vya pembe ili zisiote, kumtazama tu hakutoshi. Ng'ombe ni hodari wa kuficha maumivu: atasimama, atakunywa maziwa, utasema amepona. Sisi tunaoshughulikia ustawi wa wanyama tuna njia nyingine ya kumuuliza. Tunampa jambo lenye utata, kisha tunaangalia analichukuliaje.

Njia hii ilianza na panya. Mwaka 2004 Emma Harding, Elizabeth Paul na Michael Mendl wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliwafunza panya kwamba wakisikia mlio fulani wabonyeze wenzo wapate chakula. Wakisikia mwingine wauache, la sivyo itapigwa kelele ya kukera. Halafu wakawapigia milio ya katikati. Panya waliokuwa wakivurugiwa makazi yao ovyo ovyo, hawajui kesho ina nini, walikuwa wazito kubonyeza hata kwa mlio uliokaribia ule wa chakula, kana kwamba walitarajia baya.

Ndama walijaribiwa kwa skrini, katika utafiti wa Heather Neave na wenzake uliotoka 2013. Skrini nyekundu na nyeupe: moja ndama akiigusa anapata maziwa, nyingine akiigusa anakosa na inabidi angoje. Wakishazoea, wanaonyeshwa rangi ya waridi, mara iliyokolea, mara iliyofifia. Waridi hiyo haina jibu. Ndama anabashiri mwenyewe. Baada ya kuunguzwa pembe, ndama walewale walizifuata skrini za waridi mara chache kuliko mwanzo. Na walikuwa wamepigwa ganzi wakati wa kuunguzwa! Ganzi ilikwisha, kidonda kikabaki.

Hata nyuki wamo. Mwaka 2011 watafiti wa Newcastle waliwatikisa nyuki kwa sekunde 60, kama nyegere anavyoushambulia mzinga, kisha wakawanusisha mchanganyiko wa harufu mbili, moja wameizoea na sukari, nyingine na kwinini chungu. Harufu ilipoelekea upande wa uchungu, waliotikiswa walikuwa wepesi zaidi kukataa kutoa ulimi. Sisemi nyuki ana huzuni kama yetu. Nasema mshtuko umegusa uamuzi wake, na hilo linatosha kunifanya nisimdharau.

Kwa nini iwe hivyo? Mnyama hawezi kupiga hesabu ya kila lililompata kabla ya kuamua. Hisia humfanyia kazi hiyo: mahali hapa pamekuwa na mabaya mengi siku hizi, jihadhari. Mara nyingi ni ushauri mzuri. Tatizo huja pale woga uliozaliwa kwingine unapoamua jambo lisilohusika nao. Mkuu wako anakuandikia, "Ukifika ofisini pitia kwangu." Maneno hayo hayana ubaya wala uzuri. Aliyelala vizuri anadhani kuna kazi mpya. Aliyekesha na wasiwasi wa ada ya shule anajiona amefukuzwa tayari.

Ila si kila hisia mbaya huvuta upande mmoja. Jennifer Lerner na Dacher Keltner walionyesha mwaka 2001, Marekani, kwamba wenye woga huikuza hatari, ilhali wenye hasira huipunguza, karibu sawa na wenye furaha. Kwangu hili ndilo la kuchunga zaidi, maana mwenye hasira hajihisi amepotoka. Anajihisi ana uhakika.

Nikirudi zizini: ganzi ipigwe, lakini isiwe peke yake. Muombe daktari wa mifugo ampe ndama na dawa ya maumivu inayodumu, kama meloksikamu, kabla chuma cha moto hakijamgusa. Na kazi yenyewe ifanyike ndama akiwa na wiki chache tu, kichipukizi kikiwa bado hakijashikana na fuvu.