Nguvu ghafi na nguvu halisi: kwa nini farasi 425 wa zamani si farasi 425 wa leo

Hemi, injini ya silinda nane ya inchi za ujazo 426, yaani lita 7.0, ambayo Chrysler iliiweka kwenye magari ya barabarani kuanzia 1966 hadi 1971, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 425. Ford Mustang GT ya 2015 yenye injini ya lita 5.0 ina 435. Ukizitazama namba hizo mbili juujuu utasema miaka arobaini na mitano imeongeza farasi kumi tu. Sivyo. Namba ya kwanza ni nguvu ghafi na ya pili ni nguvu halisi, na tofauti yake ni ile ile ya mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira na ule unaoingia mkononi baada ya makato.

Kwanza gari lenyewe. Wamarekani huita gari la misuli lile la milango miwili, la ukubwa wa kati na bei isiyoua, lililotiwa V8, yaani injini ya silinda nane zilizopangwa kama herufi V, iliyokusudiwa gari kubwa. Pontiac GTO ya 1964 ndiyo hutajwa mara nyingi kama mwanzo wake. General Motors ilikuwa na kanuni ya ndani kwamba gari la ukubwa huo lisizidi injini ya inchi za ujazo 330. Pontiac, John DeLorean akiwa mhandisi wake mkuu, ikaipitisha injini ya 389 kwa mlango wa nyuma: haikuwa modeli mpya, ilikuwa kifurushi cha kuongezea kwenye Tempest LeMans. Farasi 325, au 348 ukichukua kabureta tatu. Zote ghafi.

Nguvu ghafi hupimwa injini ikiwa nje ya gari, imefungwa kwenye benchi la majaribio. Haizungushi altaneta wala feni. Haivuti hewa kupitia kisafisha hewa chake, na moshi hautoki kwenye ekzosi na sailensa za gari bali kwenye mabomba mapana ya maabara. Taimingi ya cheche, yaani wakati wa kuwasha petroli, na mchanganyiko wa petroli hurekebishwa mpaka namba ipande, kisha matokeo hupigiwa hesabu ya hewa baridi na nzito ya nyuzi 15 hivi. Hakuna anayedanganya. Ni kwamba injini ya namna hiyo haipo ndani ya gari lolote.

Nguvu halisi, ambayo magari ya Marekani yalianza kuitumia kwa jumla katika modeli za 1972, hupima injini ikiwa na mizigo yake yote: altaneta, pampu ya maji, kisafisha hewa, ekzosi kamili na taimingi ya kiwandani. Hesabu hufanywa kwa hewa ya nyuzi 25.

Camaro Z/28 ya Chevrolet inaonyesha vizuri kilichotokea. Mwaka 1970 injini yake ya inchi 350 ilikuwa na farasi 360 ghafi, kompresheni (kiasi ambacho hewa na petroli hubanwa ndani ya silinda kabla ya kuwashwa) 11 kwa 1. Mwaka 1971 kompresheni ikashushwa hadi 9 kwa 1 na namba ikawa 330, bado ghafi. Lakini mwaka huo huo Chevrolet ilitoa pia namba halisi ya injini ile ile: 275. Mwaka 1972 ikabaki 255 halisi. Kutoka 360 hadi 255 ni farasi 105 waliopotea ndani ya miaka miwili, na hadi leo utasikia kwamba serikali iliwaua wote. Wagawe. Kompresheni ilichukua 30, marekebisho ya 1972 yakachukua 20, na 55 waliobaki hawakwenda popote. Kilichobadilika ni rula.

Hemi nayo ilipewa namba mbili mwaka 1971: 425 ghafi, 350 halisi. V8 ya 454 ya Corvette ya mwaka huo ilikuwa 365 ghafi na 285 halisi. Kwa hiyo makato huwa kati ya asilimia 17 na 22, na hayafuati fomula moja, kwa sababu injini yenye ekzosi nyembamba hupoteza zaidi ya ile iliyokuwa ikipumua vizuri tangu mwanzo. Mtu akikupa zidisho moja la kugeuza ghafi kuwa halisi kwa injini zote, mpuuze.

Kuna mtego mwingine unaokwenda kinyume. Baadhi ya namba ghafi zilishushwa makusudi. Mustang ya 428 Cobra Jet iliandikwa 335, na Z/28 za mwanzo zenye inchi 302 ziliandikwa 290. Wanaozijua injini hizo hawaziamini namba hizo hata kidogo. Kampuni za bima zilikuwa zimeanza kutoza zaidi kwa gari lenye farasi wengi, na madaraja ya mbio za robo maili yalipangwa kwa uzito wa gari kugawanywa kwa farasi waliotangazwa. Namba ndogo ilileta bima nafuu na daraja rahisi.

Basi utajuaje ukweli wa gari ambalo karatasi zake hazisemi kweli? Angalia kasi yake mwishoni mwa robo maili, yaani mita 402. Usiangalie muda, angalia kasi. Muda huharibiwa na tairi kuteleza mwanzoni, lakini kasi ya mwisho hufuata nguvu na uzito. Gawanya kasi kwa 376.6 (kasi ikiwa ya kilomita kwa saa), jibu lipandishe hadi kipeo cha tatu (jibu × jibu × jibu), kisha zidisha kwa uzito wa gari na dereva katika kilo, na mwisho zidisha kwa 2.2. Gari lenye Hemi, la kilo 1,850 pamoja na dereva, likipita mstari kwa kilomita 167 kwa saa linatoa takriban farasi 355. Hiyo iko karibu na namba halisi kuliko ghafi. Hesabu hii huvurugika mahali pa juu: injini isiyo na tabo wala supachaja (vifaa vya kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 3 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo gari lililopimwa Denver, au ukitaka Nairobi, limekwisha kuacha takriban moja ya sita ya nguvu zake hewani kabla halijaondoka.

Usichanganye pia na nguvu za kwenye tairi, zile zinazosomwa gari likizungusha mitambo ya roli kwenye gereji. Giaboksi na difu hula karibu asilimia 15. Hemi ya farasi 350 halisi itasoma 300 hivi kwenye roli, na mwenye nayo atadhani injini imechoka.

Kushuka kwa kompresheni mwaka 1971 kulikuwa na sababu yake. Madini ya risasi yaliyotiwa kwenye petroli yalizuia injini kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda, lakini risasi hiyo hiyo hufunika na kuua kichujio cha moshi, na vichujio vilikuwa njiani. Vilienea katika modeli za 1975. General Motors ikawahi kushusha kompresheni ili injini zake zikubali petroli ya oktani ndogo, ile inayogonga upesi ikibanwa. Anayemiliki leo injini ya 1970 ya 11 kwa 1 anarithi tatizo hilo kinyumenyume. Kwenye petroli ya oktani 95 itagonga, hasa ikiwa imepata moto na gari linapanda mlima kwa gia kubwa. Kurudisha taimingi nyuma kunanyamazisha kugonga huko na kula nguvu. Na bila risasi, siti za valvu za ekzosi zilizochongwa moja kwa moja kwenye chuma cha hedi hulika taratibu: nafasi ya valvu inapungua, valvu haifungi sawasawa, kisha inaungua. Dawa ni kutia siti ngumu za kupachika wakati hedi imefunguliwa, si kumwaga dawa za chupa kila unapojaza tangi.

Baada ya 1973, vikwazo vya mafuta na sheria za moshi vilimaliza kilichobaki. Mustang ya 1974 haikuuzwa na V8 kabisa Marekani. Corvette ya kawaida ya 1975 ilikuwa na farasi 165 halisi. Huko hakuna rula ya kulaumu.

Lakini farasi ni nusu ya habari. Gari la 1970 lilishindwa zaidi na barabara kuliko na injini. Tairi zake zilikuwa za nyuzi za mshazari, uso wake unaogusa lami ukiwa na upana wa sentimita 15 hivi. Mustang GT ya 2015 yenye kifurushi cha mbio ina tairi za nyuma za 275, za radiali, na mpira laini ambao kiwanda cha zamani hakikuwa nao. Farasi ambao tairi haiwezi kuwashika ni moshi tu.

Halafu kuna ekseli ya nyuma. Magari mengi ya wakati ule yalikuwa na ekseli nzima iliyolala juu ya springi bapa, kama pikapu. Ukiachia klachi kwa nguvu, tairi linataka kwenda mbele na difu linataka kujigeuza nyuma; springi inajikunja kama herufi S, inafika mwisho, tairi linaachia lami, springi inanyooka, tairi linashika tena. Hapo nyuma ya gari huanza kurukaruka, na kinachovunjika ni jointi za propela, shafti au meno ya difu. Camaro ya 1967, yenye bapa moja tu kila upande, iliugua sana ugonjwa huu. Mwaka 1968 Chevrolet ikahamisha shokapu: moja mbele ya ekseli, nyingine nyuma yake, ili zipingane na mzunguko. Chrysler walifanya akili zaidi kwa maoni yangu, wakaweka ekseli mbele ya katikati ya springi, hivyo kipande cha mbele kikawa kifupi na kigumu kisichojikunja. Mustang ilingoja hadi 2015 ndipo kila gurudumu la nyuma la modeli zake za kawaida likajitegemea. Toleo hilo ndilo la kwanza pia kutoka kiwandani likiwa na usukani wa kulia, jambo lenye maana kwa nchi zinazoendesha kushoto kama Kenya na Tanzania.

Breki za dram nazo: zikipata moto, dram hupanuka na kuziacha breki shuu zikilifuata, pedali inazama. Mteremko mmoja mrefu ulitosha kuonyesha.

Injini za sasa zinapata nguvu kwa njia nyingine. V8 ya lita 5.0 ya Mustang ya 2011 ilitoa farasi 412 halisi, sawa na 83 kwa kila lita; Hemi ilitoa 50 halisi kwa lita. Siri yake ni valvu nne kwa silinda, kemshafti nne (shafti zinazofungua valvu) zinazobadilisha taimingi zenyewe, na sensa inayosikia injini ikianza kugonga na kurudisha cheche nyuma kwa silinda husika. Ndiyo maana kompresheni ya 11 kwa 1 imerudi, safari hii kwa petroli ya kawaida.

Umbo limelipa gharama yake. Dodge Challenger ya 1970 ilikuwa na milimita 2,794 kati ya ekseli. Ya 2008, iliyojengwa juu ya msingi wa gari la familia, ina 2,946. Milango imekuwa mirefu kwa chuma cha kuzuia ajali za ubavuni, nguzo zimenenepa, madirisha yamebaki kama nyufa, na ringi za inchi 20 zimehitajika ili ubavu ule usionekane mtupu. Kwa mbali inafanana na ya babu yake. Ziegeshe pamoja uone ni tembo na ndama. Challenger Hellcat ya 2015 yenye farasi 707 ina uzito unaozidi kidogo tani mbili.

Dodge Charger Daytona ya umeme imeleta namba ya aina yake: farasi 670. Kati ya hao, 40 hupatikana kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani, kwa sekunde chache tu, kisha gari linarudi kwenye 630.