Pembe sita za sega: tazama pembeni, si katikati

Ukifungua mzinga mbele ya mgeni hapa Tabora, kauli ni ileile: vyumba hivi havikujipanga, yupo aliyevichora. Qur'ani ina sura iliyopewa jina la nyuki, na anayeisoma ana haki ya kustaajabu. Shida yangu ni kwamba hoja hii hutolewa kwa kutazama katikati ya sega, palipo safi.

Chukua rula na kipande cha sega la majana, yaani la mayai na watoto wa nyuki. Pima vyumba 10 kwa mstari mmoja. Kwa nyuki wetu wa miombo utapata kama milimita 48 au 49. Kwa nyuki wa Ulaya, 52 hadi 54. Kisha shuka ukingo wa chini kwenye vyumba vya madume, ambavyo kila kimoja hufikia milimita 6 au zaidi. Vyumba vidogo vinapokutana na vikubwa, hesabu inagoma: utaona vya pembe tano, vya pembe saba, na vingine vilivyobinywa visivyofaa hata kutagia. Hali ni hiyohiyo pale masega mawili yaliyoanzwa mbalimbali ndani ya gogo yanapokutana.

Makosa hayo ndiyo yanayoeleza kazi inavyokwenda. Hakuna nyuki aliyeshika ramani. Kibarua wa umri wa wiki mbili hivi hutoa nta kwenye jozi 4 za tezi chini ya tumbo, vipande vidogo kama magamba ya samaki. Kilo moja huhitaji kama milioni 1. Huitafuna, hubandika, hupapasa ukuta alioukuta, hukwangua palipo nene. Akikaribia mpaka wa vyumba vya madume huanza kurekebisha upana na mwinamo mapema, kwa hiyo si mjinga. Ila anasoma kilicho mbele ya taya zake tu.

Mbona basi pembe sita? Nta ni ghali, hutokana na asali iliyoliwa. Mwaka 1999 mwanahisabati Thomas Hales alithibitisha kihisabati kwamba ukigawa eneo bapa katika sehemu zilizo sawa, pembe sita ndizo zinazotumia kuta fupi kuliko umbo lolote. Kundi lisilofuja nta hubaki na akiba ya kuvuka majira mabaya na kutoa makundi mapya. Wapo wanaosema joto pekee hunyoosha kuta. Sikubali: nyigu nao hujenga pembe sita, tena kwa karatasi ya mbao iliyotafunwa, bila nta.

Kitako cha chumba nacho kina jambo. Mwaka 1964 mwanahisabati László Fejes Tóth alionyesha umbo linalookoa nta kuliko hilo la nyuki. Wasioamini wasishangilie haraka: akiba yenyewe ni ndogo mno, na hesabu ile huchukulia kuta zisizo na unene.

Anayesema Mungu ndiye aliyeweka kanuni zenyewe, rula yangu haifiki huko, wala siwezi kumpinga kwa sega. Anayesema kila chumba kina mchoro wake, nampeleka ukingoni.

Mfugaji hukutana na jambo hili kila anapotengeneza mzinga wa viunzi vya juu, yaani vijiti vinavyopangwa juu ya mzinga ili nyuki waning'inize sega moja kwa kila kimoja. Kiunzi kiwe na upana wa milimita 32, kwa sababu huo ndio umbali wa nyuki wetu kutoka katikati ya sega moja hadi jingine. Ukikata 40, hawatakusubiri urekebishe. Watapitisha sega juu ya viunzi viwili, na siku ya kurina utakata majana pamoja na asali.